Majumba ya Natchez yasubiri, anzieni kwa karani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mji wa Natchez, jimbo la Mississippi huko Marekani, ukitajwa katika habari za safari husifiwa kwa majumba meupe yenye nguzo nene, mialoni inayoning'inia mimea ya kijivu kama manyoya, na jua linavyozama ng'ambo ya mto. Sifa hizo ni za haki. Lakini mwanafunzi wa historia anayefika na wiki zake mbili akaanzia majumbani ataondoka na picha nyingi na daftari jeupe. Waliochuma pamba iliyoyalipia majumba hayo wamo katika vitabu vya karani wa kaunti, na vitabu hivyo haviingiliki kienyeji.

Nianze na jiografia, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Natchez umekaa juu ya genge, yaani mteremko mkali, la kama mita 60, ukingo wa mashariki wa mto Mississippi. Ukivuka daraja uko Vidalia, jimbo la Louisiana. Matajiri wa pamba walipenda kuishi gengeni, penye upepo na pasipofikwa na mafuriko, ila mashamba yao mengi yalikuwa ng'ambo, kwenye udongo mzito wa bondeni. Mtafiti anaweza kulipekua shamba la tajiri wa Natchez siku tatu nzima katika vitabu vya Kaunti ya Adams, ndiyo yenye Natchez, asilione, kumbe hati zake ziko upande wa pili wa daraja, kwa karani wa Concordia, ndiyo yenye Vidalia. Louisiana haina kaunti, ina parishi, na sheria yake ya madai ina asili ya Ufaransa na Hispania. Huko mke huandikwa katika hati kwa jina la ukoo wa baba yake. Anayemtafuta kwa jina la mume peke yake humkosa.

Mipaka nayo ilihamahama. Kaunti ya Adams ilianza mwaka 1799. Ikamegwa Wilkinson mwaka 1802, kisha Franklin mwaka 1809. Kwa hiyo hati ya 1801 ya shamba ambalo leo liko Wilkinson huitafuti Wilkinson, unaitafuta Natchez. Na kabla ya hapo mji ulikwishabadili mabwana: Wafaransa walijenga ngome ya Rosalie mwaka 1716, Waingereza wakaingia 1763, Wahispania 1779, Wamarekani 1798. Ndiyo maana kumbukumbu za zamani kabisa zina Kihispania, na ardhi hupimwa kwa kipimo cha Kifaransa kiitwacho arpent, ambacho ni pungufu kidogo ya ekari. Tafsiri za Kiingereza zipo. Zikuonyeshe njia tu, halafu urudi kwenye asili, kwa kuwa jina la Kiafrika lililosikiwa na karani wa Kihispania kisha likanakiliwa na mtafsiri wa Kiingereza limepindishwa mara mbili.

Sasa ofisi. Katikati ya mji, eneo la jengo la mahakama, kuna makarani wawili na kazi zao ni mbalimbali. Kibao cha Chancery Clerk kinamaanisha hati za ardhi, rehani, wosia na mirathi. Cha Circuit Clerk ni ndoa na kesi. Majalada mengi ya kesi za zamani yako Historic Natchez Foundation, taasisi ya hifadhi hapo hapo mjini, nako usiende bila kuomba miadi.

Kitabu cha hati hakifunguliwi kwa kubahatisha. Kuna faharasa mbili, ya watoaji na ya wapokeaji. Mtoaji ni anayeuza, anayeweka rehani au anayetoa zawadi. Mpokeaji ni yule wa upande wa pili. Majina hupangwa kwa herufi ya kwanza ya ukoo, lakini ndani ya herufi hiyo mara nyingi hufuatana kwa tarehe ya kusajiliwa, wala si kwa alfabeti. Ukimtafuta Johnson itabidi upitishe kidole kwenye J zote. Ukimwona, andika mambo manne: herufi ya kitabu, ukurasa, tarehe ya hati na tarehe ya kusajiliwa. Tarehe hizi mbili huweza kuachana miaka kadhaa, maana wengine walisajili pale tu ugomvi uliponukia. Herufi zikifika Z, kitabu kinachofuata ni AA, na mgeni mwenye haraka hunakili A moja. Akirudi nyumbani anakuta rejea yake inaelekeza kitabu kingine kabisa, cha miaka mingi nyuma.

Faharasa zote mbili ni za wenye mali. Hakuna faharasa ya waliouzwa. Ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, na ndipo utamu wake ulipo pia.

Wengi hudhani watawapata watumwa kwenye hati za mauzo. Wapo, chini ya maneno yale yale ya kila hati, kwamba mtu huyu ni mzima wa mwili na akili na ni mtumwa wa maisha. Lakini mauzo mengi yalimalizwa mkono kwa mkono, fedha na risiti, bila kwenda kwa karani. Rehani haikuwa hivyo. Mkopeshaji alitaka ulinzi wa sheria, hivyo alihakikisha imesajiliwa, na dhamana ya mkopo ikiwa watu, watu hao wataandikwa kwa majina na umri. Kwa hiyo anza na rehani. Halafu soma pambizo ya ukurasa: deni lilipolipwa, karani aliandika pembeni kwamba rehani imefutwa, pamoja na tarehe. Kwenye filamu, yaani picha ndogo za kurasa zilizopigwa kwa kuhifadhi, pambizo hiyo mara nyingine imekatwa au imezama kwenye kivuli cha mshono. Hiyo ni sababu mojawapo ya kusafiri mpaka Natchez, ingawa sehemu kubwa ya vitabu vya kaunti inasomeka kwa filamu huko Jackson, katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Mwenye akili husoma filamu kwanza, akatengeneza orodha ya vitabu na kurasa, kisha ndipo akaenda kuona asili.

Baada ya rehani, mirathi. Tajiri akifa, mahakama iliteua wathamini, nao walipita shambani wakiandika kila kitu kuanzia majembe mpaka binadamu. Orodha nzuri huweka mama, kisha watoto wake chini yake, umri na bei pembeni. Mzee aliyechoka huandikiwa sifuri. Usiishie hapo. Fungua hesabu za kila mwaka za msimamizi wa mirathi, ambazo wengi huziruka kwa kuona ni risiti tupu: malipo ya mkunga, jozi za viatu, daktari, kodi ya mtumwa aliyekodishwa mjini. Risiti ya mkunga inaweza kukupa mwezi aliozaliwa mtoto ambaye hana cheti popote. Mwisho hutazamwa mgawanyo, yaani mafungu waliyopewa warithi, kwa kuwa hapo ndipo familia zilipovunjwa na kupelekwa pande tofauti. Fuata akina mama, usifuate akina baba. Kwa sheria ile mtoto alirithi hali ya mama yake, na karani hakuwa na haja ya kumtaja baba.

Jambo jingine: kitabu kilichojaladiwa ni nakala ya karani, na karani alichoka kama mtu mwingine yeyote. Hati zenyewe huwa zimekunjwa ndani ya bahasha za jalada la mirathi. Omba uone zote mbili. Karatasi iliyokunjwa miaka 170 haifunguliwi kwa nguvu. Ikigoma, mwite mhudumu. Akisema iachwe, iache.

Mwandiko nao una mitego. Herufi s mbili katika hati za zamani huonekana kama f na s, hata Mississippi ikafanana na neno la lugha nyingine. Jno. ni John, wala si Jonathan. Jas. ni James. Neno do. chini ya jina maana yake ni kama hapo juu. Inst. ni mwezi huu, ult. ni mwezi uliopita, na relict ni mjane. Ardhi hupimwa kwa mnyororo wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja, na ekari moja ni minyororo 10 ya mraba. Ukijua hayo unaweza kuchora shamba lote kutoka kwenye hati na ukajua nani alipakana na nani. Majirani utawahitaji baadaye.

Majina ndiyo kisa kirefu. Abdul Rahman Ibrahima, mwana wa mtawala wa Timbo katika Futa Jallon, Guinea ya leo, alitekwa na kufikishwa Natchez mwaka 1788, akanunuliwa na mkulima aitwaye Thomas Foster. Alikaa utumwani miaka 40. Aliachwa huru mwaka 1828 na akafa Monrovia, Liberia, mwaka 1829. Mtu huyu alisoma na kuandika Kiarabu, lakini ukiingia kwa karani na kuuliza Abdul Rahman utatoka mikono mitupu, kwa sababu Natchez ilimwita Prince. Mwingine kama yeye, asiye na kisa maarufu, ataitwa kwa jina ambalo wenzake kumi wanalo shambani hapo hapo. Kwa hiyo jina peke yake si ushahidi. Unganisha jina, umri, mama, mwenye mali na jirani. Vikikubaliana vinne una hoja, vikikubaliana viwili una tetesi.

Wengi waliuzwa mjini hapa wakitokea Virginia na majimbo mengine ya watumwa ya kaskazini zaidi. Mwaka 1833, kwa hofu ya kipindupindu, mji uliwafukuza wafanyabiashara wa watumwa watoke nje ya mipaka yake, nao wakahamia njia panda iitwayo Forks of the Road, hatua chache tu kupita mpaka. Soko hilo lilidumu mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe. Majeshi ya Kaskazini yaliingia Natchez Julai 1863. Leo utakuta uwanja wa nyasi, vibao vya maelezo na pingu zilizozikwa kwenye saruji. Watalii hupita hapo dakika tano. Mtafiti akae zaidi, na ramani mkononi, aone jinsi mahali hapo palivyokuwa nje ya sheria ya mji na bado karibu na wanunuzi wake.

Kuanzia uhuru mambo hugeuka. Sensa ya 1850 na ya 1860 zina majedwali ya watumwa, lakini yanataja umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye mali, basi. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wote kwa majina. Haisemi nani ni nani kwa nani. Uhusiano wa kifamilia unaanza kuandikwa 1880. Ile ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto wa Washington wa 1921, hivyo jiandae na pengo la miaka 20. Kosa linaloharibu tafiti nyingi ni kudhani kila aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wake wa mwisho. Wengine walichukua la bwana wa zamani, wengine la baba, wengine wakajichagulia. Njia ya uhakika zaidi ni kuishika familia ndani ya sensa ya 1870, kusoma majirani kurasa kadhaa mbele na nyuma, kuwaandika wenye ardhi kubwa waliokaa karibu, kisha kurudi kwenye mirathi na rehani za hao mmoja mmoja. Ni kazi ya siku nyingi, na haina njia ya mkato.

Kuna kitabu kimoja ambacho kingenitosha kama sababu ya kuandika barua hii. Kati ya 1863 na 1865, maofisa wa jeshi na wa ofisi ya walioachwa huru waliandikisha ndoa za watu hao Natchez, Vicksburg na Davis Bend. Bwana na bibi harusi waliulizwa kama waliwahi kuishi na mwenza mwingine, kwa miaka mingapi, wana watoto wangapi, na nini kiliwatenganisha. Sababu imeandikwa kwenye safu yake: kifo, vita, au kuuzwa. Rejista hizo ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani na zinasomeka mtandaoni. Ziambatanishe na madaftari ya benki ya akiba ya walioachwa huru, ambayo ilikuwa na tawi Natchez na ilifungwa mwaka 1874. Aliyefungua akaunti mara nyingi alitajiwa wazazi, ndugu, mahali alipozaliwa, na wakati mwingine bwana wake wa zamani. Halafu rudi kwa Chancery Clerk, kwenye rehani za mazao za baada ya vita. Humo mkulima Mweusi yuko kwa jina lake mwenyewe, amekopa mbegu na nyama kwa dhamana ya pamba ambayo bado haijaota, na nyumbu wake ametajwa rangi na jina.

Kinyozi William Johnson anastahili mistari yake. Alizaliwa utumwani mwaka 1809, akaachwa huru 1820, akafungua maduka ya kinyozi, akamiliki watumwa yeye mwenyewe, na akaandika shajara kuanzia 1835 mpaka 1851, mwaka aliopigwa risasi kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Mashahidi walikuwa Weusi, na sheria haikumruhusu Mweusi kumshuhudia Mzungu. Kesi ikageuka kuwa mabishano kama mshtakiwa ni Mzungu au siye, na mwisho akaachiwa. Nyumba ya Johnson iko mjini chini ya Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa ya Natchez, lakini shajara yenyewe iko Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, Baton Rouge, na ilichapishwa mwaka 1951. Iwe karibu nawe unapopekua kesi: mtu asiyeeleweka kwenye jalada la mahakama unaweza kumkuta kwenye shajara amekalia kiti cha kinyozi.

Kuhusu kalenda, usifike Machi au Aprili bila kuweka nafasi mapema. Huo ni msimu wa Pilgrimage, ziara za majumba zilizoanza mwaka 1932, na vyumba hujaa na bei hupanda. Mwezi Aprili una mtego mwingine: Jumatatu ya mwisho ni kumbukumbu ya wanajeshi wa Kusini, sikukuu rasmi ya Mississippi, na ofisi za serikali hufungwa. Jumatatu ya tatu ya Januari nayo jimbo linamwadhimisha Martin Luther King pamoja na Robert E. Lee, jenerali wa jeshi hilo la Kusini, kwa siku moja. Msomaji atajionea mwenyewe. Julai na Agosti joto lina unyevu wa kuchosha kweli. Usafiri ni wa gari la kukodi, kwani treni ya abiria haipo. Viwanja vikubwa vya ndege ni Jackson na Baton Rouge, kila kimoja kati ya kilomita 130 na 180. Ukija kwa barabara ya Natchez Trace, inayotoka karibu na Nashville kwa kilomita zaidi ya 700, jaza tangi kabla. Ndani yake hakuna vituo vya mafuta, na mwendo kwa sehemu kubwa hauzidi kilomita 80 kwa saa.

Ofisini ingia asubuhi. Salamu kwanza, kisha jina lako, kisha shida yako. Anayeanza na shida huonekana hakulelewa. Ma'am na sir ni lazima, na mama mtu mzima wa mjini ataitwa Miss pamoja na jina lake la kwanza, hata kama ana wajukuu. Hapo Mswahili yuko kwao. Makarani wana wateja wa kila siku, wapekuzi wa hati za viwanja wanaofanya kazi za mawakili. Wapishe, na kitabu ukirudishe kwenye rafu ile ile ulipokitoa. Beba penseli, noti ndogo ndogo za kulipia nakala, na uulize kabla ya kupiga picha. Ukiruhusiwa, piga mgongo wa kitabu kwanza, kisha ukurasa mzima wenye namba, kisha mistari unayoitaka. Picha 400 zisizo na herufi ya kitabu ni mzigo tu.

Ukitaka masimulizi ya wazee, nenda taratibu. Usiku wa 23 Aprili 1940 ukumbi wa dansi wa Rhythm Club uliungua na kuua watu 209, Weusi wa mji huu na bendi ya Walter Barnes kutoka Chicago. Koo za mjini bado zina marehemu wao pale. Majina yamo kwenye mnara ulioko gengeni. Yasome kabla hujamuuliza mtu chochote. Jumapili ibada za Weusi ni ndefu na mgeni hukaribishwa chakula. Chai yao ya barafu ina sukari kiasi cha kumtosha hata mpenda chai wa pwani, na mezani hapo ndipo utaambiwa nani ana Biblia ya ukoo yenye tarehe za kuzaliwa.

Mwisho panda makaburini. Makaburi ya mji yalianza mwaka 1822, na ya kijeshi ya taifa, mwaka 1866, yako jirani. Kwenye mawe ya kijeshi tafuta herufi U.S.C.T., alama ya vikosi vya askari Weusi. Nakili jina, kombania na namba ya kikosi kama vilivyo, kwa sababu ndivyo vitakavyokufungulia jalada la pensheni huko Washington, ambamo wajane na majirani walitoa ushahidi wa nani alioana na nani, wapi, na walikuwa wa shamba gani. Jiwe lililofifia usilisugue kwa brashi ya waya, chaki wala dawa ya kufulia. Maji safi na brashi laini yanatosha, au kioo kidogo kinachoelekeza jua kwa ubavu. Saa tatu asubuhi herufi husimama zenyewe.

Wako,
Msomaji, mpekuzi wa nyaraka